Bosi anasema naiba mafuta, nami sijawahi kunyonya hata lita moja

BARUA

Shikamoo mzee.

Nina miaka 27, ni dereva wa familia moja hapa Mbezi Beach. Hii ni kazi yangu ya kwanza yenye mshahara unaoingia kwa tarehe, na kwa mshahara huo namsomesha mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu. Namwendesha mama mmoja mwenye ofisi yake Posta. Gari ni Harrier ile ya injini ya 2.4, otomatiki. Zamani aliyekuwa akimpeleka ni mumewe, lakini mzee kahamishiwa Mwanza kikazi, ndipo nikachukuliwa mimi mwezi wa pili.

Kila Jumatatu mama ananipa laki moja ya mafuta. Kwa bei tunayonunulia inakuja lita 33 hivi. Anasema mzee alipokuwa akiendesha, laki hiyo iliwafikisha Ijumaa jioni. Kwangu mimi, Alhamisi jioni taa imewaka. Safari ni zilezile: nyumbani, ofisini, benki, kumpitia mtoto shule, kurudi. Kwa siku ni kilomita 50 hivi.

Wiki iliyopita aliniita sebuleni, akaweka daftari mezani, akaniuliza mbele ya dada wa kazi: "Mafuta ya siku moja yanakwenda wapi?" Nilikosa la kusema. Naapa sijawahi kunyonya mafuta ya gari lile wala kuomba risiti ya uongo sheli. Lakini ukiitazama hesabu yake, hata mimi ningemshuku dereva.

Nikueleze na ya kwangu. Asubuhi nawasha gari robo saa kabla hajatoka, ili alikute limepoa. Mchana akiwa kwenye vikao namsubiri garini na AC inafanya kazi, maana jua la Posta unalijua. Kwa siku inafika saa nzima. Na njiani nakimbia. Kila siku tunachelewa kutoka, tukifika Africana ameanza kutazama saa, tukifika Mwenge ananiambia "chomoka hapo." Nachomoka.

Fundi kalitazama gari akasema ni zima, injini kubwa ndivyo zilivyo. Dereva mwenzangu ananishauri kwenye mteremko niweke N gari lijiendee lenyewe. Mwingine anasema nimwambie mama AC imekufa. Sitaki kumdanganya. Nataka mafuta yafike Ijumaa na jina langu lisafike. Nianzie wapi?

Dereva, Mbezi Beach

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuulizwa vile mbele ya watu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilishika kalamu na karatasi, kwa sababu jibu la swali la mama umeliandika mwenyewe humo ndani. Tulitafute pamoja.

Mzee kwa lita 33 alikwenda siku tano, yaani kilomita 250. Hizo ni kilomita saba na nusu kwa lita. Wewe unakwenda siku nne, kilomita 200, mafuta yameisha. Kwa uendeshaji wa mzee, kilomita hizo 200 zingekula lita 27 hivi. Kwa hiyo kinachotafutwa pale sebuleni ni lita sita na kitu. Sasa angalia. Robo saa ya asubuhi ukijumlisha na saa nzima ya kumsubiri ni saa moja na robo kwa siku. Jumatatu mpaka Alhamisi ni saa tano. Idara ya Nishati ya Marekani inakadiria kwamba gari lililosimama huku linaunguruma linaweza kula kuanzia robo galoni hadi nusu galoni kwa saa, kutegemea ukubwa wa injini na kama AC imewashwa. Hiyo ni kama lita moja hadi mbili. Tuchukue ile ndogo kabisa, lita moja. Saa tano, lita tano.

Lita tano kati ya sita zimeliwa gari likiwa limeegeshwa. Hakuna aliyeziiba. Na kilichokuponza ni kwamba gari likisimama likiunguruma, namba ya kilomita kwenye dashibodi haisogei hata kidogo huku mshale wa mafuta unashuka. Mtu anayekagua kwa kilomita na risiti, kama mama anavyofanya, lazima aone pengo, na pengo hilo linafanana kabisa na la dereva anayenyonya mafuta usiku. Simlaumu mama. Nimewafahamu madereva wanaonyonya kweli, na hesabu zao zinaonekana hivyohivyo.

Basi anza na hapo, kesho asubuhi. Injini za siku hizi za sindano, zinazopuliziwa mafuta kwa nozeli, hazihitaji robo saa ya kupashwa moto, tena kwenye joto la Dar. Washa, acha nusu dakika, ondoka taratibu, itapata moto wake njiani. Suala la mama kukuta gari limepoa lina njia nyingine: liegeshe usiku mahali ambapo jua la asubuhi halilifikii, fungua milango yote minne dakika mbili kabla hajatoka hewa ya moto itoke, kisha funga, washa, mwondoke. Hewa iliyofungiwa ndani ya gari lililokaa juani ni ya moto kuliko ya nje, na AC inateseka kuipoza bure.

Huko Posta zima gari. Tafuta kivuli, hata kama ni mbali kidogo na mlango wa ofisi, shuka ukae nje na wenzako. Mwombe mama akubipu anapofunga kikao. Mpaka ashuke lifti na kuagana na watu, gari litakuwa mlangoni na AC imeshashika. Usikae ndani umezima injini huku redio na feni vinakula betri, utakuja kuomba kusukumwa.

Vivyo hivyo njiani. Trafiki akiwasimamisha kupisha msafara na unaona kabisa madereva wa mbele wameshuka kunyoosha miguu, zima. Kwa injini yenye moto, kusimama zaidi ya sekunde kumi ukiunguruma kunakula mafuta kuliko kuzima na kuwasha tena. Sikwambii uzime kila sekunde kumi pale Mwenge, stata na betri navyo vina gharama. Nakwambia ukijua mnakaa dakika mbili, tatu, zima.

Imebaki lita moja na nusu. Hiyo ni ya mguu wako, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuzima gari ni jambo la kuamua mara moja, mguu ni jambo la kujifunza.

Miaka mingi iliyopita nilitumwa kupeleka chakula msibani, kutoka Magomeni hadi Temeke. Kwenye buti waliweka sufuria kubwa la mchuzi, mfuniko wake haukukaa sawasawa, wakaufunga kwa kanga. Mama mtu mzima alikaa siti ya nyuma, amegeuka, mkono mmoja kaushikiza mfuniko. Kila niliposhika breki nilisikia mchuzi unapiga mfuniko, kisha sauti yake, ya upole tu: "Mwanangu, mchuzi." Nilipofika Chang'ombe nilikuwa nimeacha kabisa kutazama namba ya gari la mbele yangu. Nilitazama la tatu, la nne, taa za mbali, mtu anayetaka kuvuka, tuta lililo mita mia mbele. Nikiona kitu, natoa mguu mapema, gari linajipunguza lenyewe, nikifika pale njia imeshafunguka na mimi sijasimama. Tulifika mchuzi haujamwagika. Na jioni ile ndipo nilipoanza kuona kwamba gari lilelile linaweza kwenda mwendo uleule kwa mafuta machache zaidi.

Sababu yake ni nyepesi. Mafuta unayochoma kulipeleka gari kwenye kasi hayapotei, yamo ndani ya ule mwendo. Ukiliacha gari liserereke, unayatumia. Ukishika breki, unayageuza moto kwenye diski na hayarudi. Nimekupigia hesabu ya makadirio kwa gari la uzito wa lile lenu mkiwa ndani: kulitoa kwenye kusimama hadi kasi ya 60 kunakula kama mililita 30 za petroli, yaani vijiko viwili vya chakula. Hadi 40 ni kijiko kimoja hivi, maana nguvu hiyo inapanda kwa mraba wa kasi. Kwa hiyo kila unapochomoka mpaka 60 halafu ukakanyaga breki ukasimama nyuma ya daladala, vuta picha umefungua dirisha ukamwaga vijiko viwili vya petroli barabarani. Lita yako moja na nusu ni kama mara hamsini za namna hiyo kwa siku nne, mara kumi na mbili au kumi na tatu kwa siku. Kutoka Africana, Lugalo, Mwenge, Morocco hadi Salenda, kwenda na kurudi, wewe mwenyewe unajua unachomoka mara ngapi.

Matuta ndiyo yanayotumalizia mafuta zaidi mitaani, na watu hawayafikirii. Tuta hadi tuta mita mia mbili, dereva anakanyaga mafuta hadi 50, anafunga breki, anapanda, anakanyaga tena. Pita hapo kwa 25 au 30 bila kubadilisha mwendo. Utafika tuta la mwisho sekunde chache tu nyuma ya yule anayekimbia, na shokamzoba zako zitakuwa salama.

Kwenye foleni inayosogea usigande kwenye bampa la mbele. Acha nafasi, achia breki, otomatiki itatambaa yenyewe. Najua utasema ukiacha nafasi bajaji inachomekea. Iache ichomekee. Nimeendesha mji huu zaidi ya miaka ishirini, na magari yaliyonichomekea nimekuja kukutana nayo kwenye taa zilezile. Idara ile ya Marekani inasema uendeshaji wa papara, huku kuchomoka, kukimbiza na kufunga breki, unaweza kupunguza kilomita unazopata kwa lita kwa asilimia 10 hadi 40 kwenye foleni za kusimama na kuondoka, na 15 hadi 30 barabara kuu. Hakuna kifaa kinachouzwa Kariakoo kitakachokupa faida ya kiasi hicho.

Kuhusu N kwenye mteremko, usifanye. Ushauri huo ulikuwa na maana enzi za kabureta. Gari lenu ni la sindano: ukiliacha kwenye D na kutoa mguu kwenye mafuta, kompyuta ya injini inaona magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, inafunga nozeli, unakwenda bila kuchoma chochote mpaka mwendo ushuke sana. Ukiweka N, injini haizungushwi tena na magurudumu, lazima ichome mafuta ili isizimike. Kwa hiyo unatumia zaidi, na umejinyima breki ya injini kwenye mteremko ukiwa na mtoto wa watu nyuma.

AC usiiseme imekufa. Mkiwa mwendo wa taratibu mitaani, na mama akikubali, dirisha linatosha. Mkishika kasi, funga vioo na uwashe AC, maana vioo wazi kwenye kasi vinakamata upepo na kulivuta gari nyuma. Akitaka AC muda wote, ni gari lake na ni haki yake. Wewe mwambie tu gharama yake.

Siku mkipewa safari ya Morogoro, kumbuka upepo. Ukinzani wake unakua kwa mraba wa kasi: kwa 100 gari linasukumana na upepo mara moja na nusu ya linavyosukumana nao kwa 80, na kwa 120 ni zaidi ya mara mbili. Chalinze hadi Morogoro, kilomita 85 hivi, ukienda 80 badala ya 100 unachelewa kama dakika kumi na tatu. Na kwenye vijiji vya 50 mtasimamishwa na tochi wote sawa.

Sasa fundi. Aliposema gari ni zima sijui alitazama nini, lakini kuna jambo moja nakuomba umuulize kwa jina: themostati ipo, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto? Mafundi wengi wa huku wakikuta gari limechemsha wanaing'oa na kuitupa, wakisema nchi yetu ni ya joto haina kazi. Kazi inayo. Bila hiyo maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini inachelewa au inashindwa kufikia joto lake, na kompyuta ikidhani injini bado ni baridi inazidisha petroli. Unaweza kuendesha mwezi mzima hujui, mshale wa joto umelala chini tu na wewe unafurahi gari halichemshi. Kama imeng'olewa, irudishwe, pamoja na kutafuta kilicholichemsha gari hapo mwanzo.

Ukirudi jioni, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Ikiwa moja ina moto kuliko wenzake, breki ya gurudumu hilo inakamata, na unaiburuta toka Posta. Upepo wa tairi upimwe asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa namba iliyo kwenye stika ya mlango wa dereva, siyo kwa teke la fundi. Vitu vya buti visivyo na safari vishushwe.

Tumalize la mama, maana hata ukiyafanya haya yote, mkiendelea kupima kwa laki mtagombana tena. Laki siyo kipimo cha mafuta. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei ikipanda, laki ileile inatoa lita chache, gari litakwama mapema na atakayeulizwa ni wewe. Pimeni kwa lita. Risiti ya sheli inaandika lita, zitunze zote kwenye bahasha ndani ya gari.

Usiende kwake na maneno ya kujitetea. Mwombe nafasi mkiwa wawili, umwambie: "Mama, nimetafuta mafuta yanakokwenda, na sehemu kubwa ni kosa langu, nilikuwa naacha gari likiunguruma nikikusubiri." Ukianza na kosa lako, atayasikia na mengine. Kisha mwambie kwa heshima lile la kuchelewa. Kila asubuhi mnayotoka dakika kumi nyuma ya saa, dakika hizo unazitafuta kwa mguu barabarani, na petroli ndiyo inayolipa. Mama, kama unasoma hapa, kijana huyu hawezi kukwambia "chomoka hapo" ina bei. Mimi nakwambia. Na siku nyingine jambo la namna hii muulize faragha. Ameniandikia kurasa nzima akitafuta namna ya kukuokolea mafuta, na hakukusema vibaya hata mstari mmoja.

Halafu mwombe jambo moja la mwisho. Jumamosi hii mwende naye sheli, yeye akiwa siti ya pembeni. Jazeni tenki mpaka pampu ikate yenyewe, msiongeze tone. Apige picha namba ya kilomita kwa simu yake mwenyewe. Endesha wiki nzima kama kuna sufuria la msiba kwenye buti. Jumamosi inayofuata mrudi sheli ileile, pampu ileile, mjaze mpaka ikate tena. Lita zilizoingia ndizo mlizotumia, na kilomita mlizokwenda zigawanywe kwa hizo. Kalamu ishike yeye, aandike namba kwenye lile daftari lake.